Bei ya Chipukizi wa Rubavu

Kiungo Haruna Niyonzima alizaliwa Gisenyi, wilayani Rubavu nchini Rwanda, mwaka 1990 na akaanza soka la ligi na Etincelles, klabu ya hapohapo mjini. Hakukaa sana. Mwaka 2006 alikwenda Rayon Sports, 2007 akahamia APR ya Kigali, na 2011 Yanga ya Tanzania wakamchukua Dar es Salaam, ambako alijulikana kwa jina la Fabregas. Mwaka 2017 akahamia kwa watani wa jadi, Simba. Ukiifuata safari hiyo hatua kwa hatua kwa kanuni za FIFA, unaona jinsi klabu iliyomtoa kiungo wa kiwango kile inavyoweza kubaki mikono mitupu bila mtu kuvunja sheria yoyote.

Kanuni zina njia mbili za kumlipa mlezi. Ya kwanza ni fidia ya mafunzo, inayohesabiwa kwa miaka ambayo kijana alifundishwa kati ya umri wa miaka 12 na 21. Lakini inahusu usajili wa kuvuka nchi tu. Kijana wa Rubavu akisaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa Kigali, FIFA haihusiki. Akitoka Kigali kwenda nje kabla ya mwisho wa mwaka anaotimiza miaka 23, mwenye kudai ni klabu ya mwisho peke yake. Ndiyo maana mwaka 2011, Niyonzima akiwa na miaka 21, kanuni hiyo iliitazama APR. Etincelles na Rayon walikuwa wameshatoka kwenye hesabu.

Ya pili ni mchango wa mshikamano, asilimia 5 ya ada ya uhamisho, unaogawiwa klabu zote zilizomlea mchezaji: robo asilimia ya ada kwa kila mwaka wa umri wa 12 hadi 15, nusu asilimia kwa kila mwaka wa 16 hadi 23. Huu humfuata mchezaji hadi atakapostaafu. Ila pasipo na ada hakuna mgawo, na kabla ya mwaka 2020 uhamisho wa ndani ya nchi haukuguswa. Kutoka Jangwani kwa Yanga kwenda Msimbazi kwa Simba hakukuwa na senti ya Gisenyi kwa njia hii.

Hata inapolipwa, ni kidogo. Tuseme kijana aliyelelewa Rubavu kuanzia miaka 16 hadi 18 anauzwa nje kwa dola 200,000. Miaka mitatu ni asilimia 1.5, yaani dola 3,000. Klabu ileile ingekuwa imeandikiwa asilimia 10 ya mauzo yajayo siku ilipomwachia kwenda Kigali, ingepokea 20,000. Fedha ya chipukizi iko kwenye kipengele hicho cha asilimia ya mauzo yajayo, na ndicho kinachoachwa mezani dirisha la usajili linapokaribia kufungwa huku mishahara ikidaiwa.

Haki ya mauzo ambayo bado hayajatokea inapimwaje? Wamarekani wamelitolea jasho swali hili katika NFL, ligi yao ya mpira wa Kimarekani, ambako timu huuziana zamu za kuchagua wachezaji wapya. Dallas Cowboys, baada ya kumuuza mchezaji wao Herschel Walker kwa timu ya Minnesota mwaka 1989 na kuvuna rundo la zamu, walitengeneza jedwali la pointi: zamu ya kwanza 3,000, ya 16 pointi 1,000, ya 32 pointi 590. Ligi nzima ikalifuata. Kisha wanauchumi Cade Massey na Richard Thaler wakaonyesha kwamba zamu za juu zilithaminiwa kupita kiasi. Mchezaji aliyetangulia kuchaguliwa alimzidi aliyemfuata katika nafasi yake ya uwanjani kama mara 52 tu katika 100. Jicho la skauti, hata lenye fedha nyuma yake, linaona kidogo kuliko linavyojiamini.

Kwa Rubavu somo hilo ni zito. Klabu hubishania bei ya nyota mmoja na kuwaachia wengine bure, kana kwamba inajua nani atafika. Tuchukue vijana kumi, kila mmoja akiwa na nafasi moja kati ya kumi ya kuuzwa kwa dola 200,000 baada ya miaka minne. Klabu ikipunguza dola 1,000 kwenye bei ya kila mmoja ili ipate asilimia 10, imetoa 10,000 na kwa wastani itarudishiwa 20,000: faida ya takriban asilimia 19 kwa mwaka. Ikipunguza 2,000 kila mmoja, imekopesha bila riba. Hapo mimi nisingesaini.

Hatari ipo. Kwa vijana kumi wa namna hiyo, uwezekano wa kutouzwa hata mmoja ni kama asilimia 35. Wakiwa ishirini, unashuka hadi 12. Kwa hiyo kipengele hiki kinafaa kuwekwa kwa kila anayeondoka, beki wa akiba akiwemo.

Na kiandikwe kwa makini. Asilimia ihesabiwe kwenye ada yote, pamoja na ada ya mkopo na thamani ya mchezaji anayetolewa kwa kubadilishana. Mnunuzi alazimike kutoa nakala ya mkataba wa mauzo. Na kwa kuwa wachezaji wengi wa ukanda wetu huondoka mkataba ukiisha, bila ada, kuwe na malipo ya pili yasiyongoja mauzo: kiasi maalumu kijana akifikisha mechi 20 za ligi, na kingine akiongezewa mkataba.