Kurudisha Nairobi Dam: Kuirudisha kwa Nani?

Neno linalopendwa sana Nairobi Dam ikitajwa ni kurudisha. Turudishe maji, turudishe mashua, turudishe hadhi. Ni neno tamu, na ndiyo maana tulisome polepole. Ukirudisha kitu, unamrudishia mtu. Nani?

Bwawa hilo lilijengwa 1953, Kenya ikiwa bado koloni na Nairobi ikiwa chini ya hali ya hatari. Lilikuwa akiba ya maji ya jiji, kisha likawa pia mahali pa starehe, na klabu yake ya mashua za matanga. Ng'ambo ya maji ni Kibera, mtaa ulioanzishwa na wanajeshi Wanubi mwanzoni mwa karne ya 20, wakaupa jina lenye maana ya msitu. Maji yalikuwa yaleyale, ila matanga yalikuwa ya wanachama.

Ukifika leo bila kuambiwa, utadhani ni shamba. Gugu maji limetanda, matope na taka zimejaza, na kingoni watu wanalima nduma na sukuma. Wakubwa wanapaita mahali palipotelekezwa. Hapo nakataa. Pametelekezwaje na watu wamejaa, wanalima, wanajenga, wanavuka kwenda kibarua? Kilichotelekezwa pale ni mabomba ya majitaka.

Fuata maji uone. Mto Motoine unatoka upande wa Dagoretti, unapita Kibera, unaingia bwawani. Njiani kuna keja nyingi sana zisizo na choo. Choo cha kulipia kinafungwa usiku. Mfuko wa plastiki hauna saa ya kufunga. Mvua ikinyesha, vyote vinashuka. Chimba matope yote leo ujaze maji safi, na baada ya misimu michache ya mvua utakuwa na bwawa lilelile pamoja na deni jipya.

Kawangware haina ziwa, lakini somo lake ni hilohilo. Mto Nairobi unaanzia kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, unapita Kawangware, kisha unashuka mjini hadi Michuki Park. Bustani hiyo napenda. Palikuwa jaa la taka, John Michuki akiwa Waziri wa Mazingira akapasafisha, na 2020 pakakarabatiwa tena. Msee wa mtumba na karani wa ofisi wanakaa nyasi moja bila kulipa. Lakini maji yanayopita kando yao yanakuja na habari zote za mitaa ya juu. Ukingo umerembwa, mto bado mchafu.

Halafu kuna swali la ukingo wenyewe. Mafuriko ya 2024 yalipoua watu, serikali iliamuru walio ndani ya mita 30 za mito wahame, na tingatinga zikaingia Mathare na Mukuru. Hatari ilikuwa ya kweli, hakuna anayebisha. Ila mita 30 hizo husomwa kwa sauti penye mabati na kwa kunong'ona penye ukuta na askari wa geti. Ziwa likija na kipimo cha aina hiyo, mama wa nduma ataondoka kwanza, kodi ya keja zitakazobaki itapanda, na huo "umma" wa kupunga upepo utakuwa watu wengine.

Mfano bora uko hukohuko Kibera. Kounkuey Design Initiative, shirika lililoanza 2006, limejenga pamoja na vikundi vya wakazi viwanja vidogo kando ya mto: vyoo, mahali pa kufulia, kuta za mawe za kuzuia mafuriko, kona ya watoto kucheza. Havina urembo wa postikadi, na peke yake haviwezi kusafisha mto mzima. Lakini vinaanzia chooni, mahali ambapo uchafu wenyewe unaanzia.

Mimi nalitaka hilo ziwa. Mtoto wa Silanga anastahili upepo wa maji sawa na mtoto wa Lang'ata. Ila ukionyeshwa mpango, pita haraka kwenye picha ya maji ya buluu. Tafuta ukurasa wa mabomba, kisha ule unaosema nani anahamishwa na anapelekwa wapi. Kama kurasa hizo hazimo, cha kurudishwa kwanza ni huo mpango.