Wanaotunza Vita vya Mababu

Ulaya, wanaokumbuka vita vya enzi za kati huvaa deraya na kupigana kwa panga butu mbele ya watazamaji. Katika vilima vya Bunda na Butiama, mkoani Mara, Tanzania, kazi hiyo wanayo wazee, na silaha yao ni daftari la shule.

Vita wanavyovitunza ni vya mwishoni mwa karne ya 19, Wamaasai walipovamia kutwaa ng'ombe na watu wakapanda milimani kujizungushia kuta za mawe. Hakuna aliyeandika tarehe. Mzee huhesabu kwa marika: lipi lilitahiriwa, lipi lilipigana, lipi lilikutwa na njaa. Ukiruka rika moja, vita vinahama miaka kadhaa. Kwa hiyo humfuata mwenzake wa ukoo jirani, hata wa kabila lililokuwa adui, walinganishe masimulizi. Hubishana sana, na nadhani ubishi huo ndio uhakiki wenyewe. Kisha hupanda kilima kuonyesha ukuta ulipopita, ingawa magoti yamegoma. Mchwa wakila daftari, hunakili upya.

Baadhi ya kazi za wanahistoria hawa wa Mara kusini zilichapishwa mwaka 2003 katika kitabu Telling Our Own Stories. Nyingi zimebaki sandukuni.

Wacheza ngoma nao, kwa njuga, ngao na mikuki, hurudia hatua za wapiganaji kwenye sherehe Musoma. Watu hushangilia, ni nadra mtu kuuliza ni vita gani. Mzee anayeweza kumjibu kwa kawaida amejilipia nauli.