Bei ya Kusubiri Kopa

Asiyeijua poka hudhani ufundi wake ni kusukuma chipu zote mezani kwa mkupuo huku uso umekauka. Filamu zimetuzoesha hivyo. Mimi ninayemhusudu ni mchezaji wa mashindano ya mtandaoni ambaye, kwa sekunde chache anazopewa na saa ya kwenye kioo, anaburuta kile kidude cha kupanga dau, anakipitisha nusu ya kapu la madau yaliyokusanyika, anakirudisha kidogo, kisha anatulia kwenye 800 badala ya 400. Hakuna anayempigia makofi.

Tuutazame mkono mmoja wa Texas Hold'em. Umeshika ree ya pau na mfalme wa shupaza. Karata tatu za kwanza za pamoja zinafunuliwa mezani: mfalme wa kopa, nane ya kopa, tatu ya pau. Una jozi ya wafalme na huenda unaongoza. Kapuni mna chipu 1,200. Amebaki mpinzani mmoja, na huenda ameshika kopa mbili. Kama ndivyo, anasubiri kopa ya tano ili apate floshi, yaani karata tano za aina moja. Kati ya karata 47 asizoziona, kopa ni tisa. Uwezekano kwamba karata ijayo itamfaa ni kama asilimia 19.

Ukiweka 400, naye atalipa 400 kugombea kapu litakalofika 2,000. Hiyo ni asilimia 20. Umemuuzia subira yake karibu kwa bei ya jumla, na kwa kuwa kopa ikianguka atakukamua tena kwenye dau litakalofuata, kwa kweli umempa punguzo. Ukiweka 800, atalipa 800 kwa kapu la 2,800, karibu asilimia 29. Hapo anayefuata analipa zaidi ya kile anachokinunua.

Kwa nini basi usisukume zote ukamaliza kazi? Kwa sababu utawafukuza wateja uliokuwa unawataka. Mwenye mfalme na kumi, mwenye nane na ree, wote wangekulipa 800 kwa moyo mkunjufu. Ukisukuma zote, wengi wao watatupa karata, na atakayebaki kukufuata mara nyingi ni yule mwenye tatu mbili mkononi, ambaye alishakupita zamani. Muuza samaki anayeijua kazi yake hatangazi bei ya kumrudisha mteja nyumbani mikono mitupu. David Sklansky aliliwekea jambo hili kanuni katika kitabu chake The Theory of Poker: kila mpinzani anapocheza tofauti na vile angecheza kama angeziona karata zako, unafaidika. Dau zuri ni lile linalomwalika akosee.

Na bei haiishii pale ulipobonyeza kitufe. Kopa ikidondoka kwenye karata ya nne, mpinzani akaweka dau kubwa, nawe ukalipa kwa sababu tu huna raha ya kuwaacha wafalme wako, basi ile ziada uliyomtoza umemrudishia pamoja na riba. Anayepanga dau sasa anapanga pia atakachokubali kupoteza baadaye. Nadhani hapa ndipo wengi wenye hesabu nzuri hukwama: asilimia wanazijua, kujizuia hawawezi.

Lakini nimesema “huenda ameshika kopa mbili”, na utamu wote umo katika hiyo huenda. Huna kopa mkononi, kwa hiyo zilizosalia ni 11, zinazoweza kuungana mbili mbili kwa njia 55. Si zote ambazo mtu angeingia nazo mchezoni, ila ni nyingi. Sasa badilisha karata moja tu: ree yako iwe ya kopa badala ya ya pau. Njia 55 zinashuka hadi 45, na zilizotoweka ndizo alizokuwa akizipenda zaidi, kwa kuwa floshi yenye ree sasa haipo kwake. Jozi yako ni ileile, meza ni ileile, ila wanaosubiri wamepungua, nawe unaweza kupunguza dau bila kujipunja.

Shindano nalo lina hesabu zake, maana chipu si fedha. Ukiziongeza maradufu, thamani yako ya fedha haiongezeki maradufu. Ukizipoteza zote, umetoka. Akibaki mtu mmoja kutolewa ndipo wengine wote walipwe, anayesubiri kopa anahitaji uwezekano mkubwa kuliko ule wa kapu pekee, kwa sababu akikosa anaweza kuondoka bila kitu. Theluthi ya kapu wakati huo inaweza kuuma kama kapu zima la saa mbili zilizopita. Isipokuwa yeye ndiye mwenye chipu nyingi kuliko wewe. Hapo hofu imehamia kwako.

Karata ya tano ikifunuliwa, biashara ya kusubiri imefungwa. Aliyekosa amebaki na sifuri, ila bado ana chipu za kutishia. Mwaka 2003 Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee aliyejipatia nafasi kupitia shindano la awali la mtandaoni la dola 86, alikuwa Las Vegas amebaki na Sam Farha peke yake katika fainali ya World Series of Poker, shindano la kiingilio cha dola 10,000. Moneymaker alishika mfalme wa shupaza na saba ya kopa, akisubiri floshi na mfuatano kwa mpigo. Farha alikuwa na jozi ya tisa. Kwenye karata ya nne Farha aliweka dau. Moneymaker akalipandisha, Farha akafuata. Ya tano ikawa tatu ya kopa, isiyomfaa Moneymaker kwa lolote. Akasukuma chipu zote. Farha akawaza, akaitupa jozi iliyokuwa inashinda, na baadaye dola milioni 2.5 zikaenda Tennessee. Wasimulizi hukimbilia msukumo ule wa mwisho. Mimi hurudi kwenye karata ya nne: Farha ndiye aliyekuwa na mkono wa kupanga bei, na alipofuata tu, alikuwa tayari analipa bei iliyopangwa na mwenye njaa ya karata.