Gari la Umeme Mbele ya Mkimbiaji

Msomaji, ukisimama alfajiri kando ya barabara itokayo Eldoret kwenda Kaptagat, utawaona wakimbiaji wakipita kwa makundi, pumzi zao zikifuka kwa baridi ya nyanda za juu. Hapana injini, hapana moshi. Nguvu zao ni ugali na mapafu. Ni rahisi kudhani kwamba riadha ni mchezo usiodaiwa chochote na dunia. Tuipime dhana hiyo pamoja, maana siku hizi michezo ya kulipwa hujisifu sana kwa nishati safi, na sifa hupimwa kabla ya kupokewa.

Tuanze na tukio lililoipa Eldoret fahari. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, Eliud Kipchoge, ambaye hufanya mazoezi Kaptagat, alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Gari la umeme lilimtangulia, likimulika miale ya kijani barabarani kuonyesha kasi. Kuchagua gari hilo kulikuwa busara na haki: mtu avutaye pumzi kwa nguvu kiasi kile hastahili kupuliziwa moshi usoni. Hapo teknolojia safi haikuwa pambo. Ilikuwa na kazi.

Lakini mhakiki hutazama na nyuma ya mkimbiaji. Wanariadha 41 waliopokezana kumwekea kasi walitoka nchi nyingi, na ndege huchoma mafuta. Aliyegharimia shughuli ile ni kampuni ya INEOS, ambayo hutengeneza kemikali na plastiki kutokana na mafuta na gesi. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Sisemi kwamba mkimbiaji ana hatia, wala kwamba ushindi wake umepungua utukufu. Nasema kwamba gari moja lisilotoa moshi, likienda kwa muda wa saa mbili, lisitusahaulishe moshi wa shughuli nzima.

Atakuwako wa kunijibu kwamba mfano huzaa mfano. Ni kweli, iwapo mfano wenyewe hudumu. Utazame uwanja wa Johan Cruijff Arena, Amsterdam. Juu ya paa lake zipo paneli za jua zaidi ya 4,000, na mwaka 2018 iliwekwa akiba ya betri yenye nguvu ya megawati 3, nyingine zikiwa zimekwisha kutumika katika magari. Watazamaji wakienda zao, mitambo hiyo huendelea na kazi. Huo ndio mfano niupendao, ingawa nao hauwezi kufuta moshi wa safari za mashabiki.

Je, Eldoret iige paneli hizo? Isiige kabla ya kufikiri. Karibu sehemu tisa katika kumi za umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, kama ule wa Olkaria, pamoja na maji, upepo na jua. Paneli juu ya uwanja wetu zingefaa, lakini zingepunguza moshi kidogo kuliko katika nchi ichomayo makaa ya mawe. Moshi wetu tuutafute kwingine: katika magari yaletayo watazamaji, katika ndege zichukuazo wanariadha ng'ambo, na katika jiko la kambi ikiwa chakula hupikwa kwa kuni. Taasisi ya Kipchoge hupanda miti katika msitu wa Kaptagat. Kazi hiyo naisifu kwa kuwa iko nyumbani, na kila apitaye aweza kuona kama mche umekua au umekauka. Hata hivyo, mche wa leo haulipi deni la safari ya leo. Unahitaji miaka, na mtu wa kuulinda.

Basi, utakaposikia mashindano yakisifiwa kuwa safi, uliza mambo matatu: Ni moshi upi uliopunguzwa? Nani aliyelipa, naye apata nini? Ni kitu gani kitakachobaki kikifanya kazi baada ya makofi? Eldoret ina haki ya kuuliza kuliko miji mingi, kwa kuwa hewa ndiyo shamba la wakimbiaji wake. Mkulima hanyamazi shamba lake linapochezewa, hata kama mchezaji amekuja na zawadi.