Kubadilisha, Kubadilishana na Kuhamisha: Istilahi za Vidhibiti vya Mashine Kongwe za Michezo ya Video

Kila kinapozuka kifaa kipya husikika lawama ileile, kwamba Kiswahili hakina maneno. Nasi tumezoea kuijibu lawama hiyo kwa orodha ya nomino: hiki tukiite hivi, kile tukiite vile. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba, katika uwanja mmoja mdogo, tatizo kubwa si uchache wa nomino bali ni kutojali uteuzi wa vitenzi. Uwanja wenyewe ni ule wa mashine za michezo ya video za miaka ya 1970 hadi 1990, hususan adha ya kubadilisha vidhibiti vyake.

Huenda msomaji akauliza kama jambo hilo linastahili kurasa za jarida la istilahi. Jibu letu ni kwamba linastahili. Mashine hizo hazitengenezwi tena na makampuni yaliyozibuni. Zilizosalia hutegemea mikono ya mafundi na wahifadhi, na mtu akifuata maelekezo yasiyobainisha mambo anaweza kukiharibu kifaa ambacho vipuri vyake ni shida kupatikana. Istilahi mbovu hapa haimkeri msomaji tu. Yaweza kumtia hasarani.

NOMINO

Tuanze na jina la kifaa chenyewe. Wafasiri hupenda "kidhibiti"; vijana katika vibanda vya michezo husema "pedi". Sifa kuu ya "pedi" ni kwamba inasemwa, na neno linalosemwa si la kupuuzwa. Hata hivyo lina kasoro mbili. Kwanza, limekwisha kupewa kazi nyingine, kama katika "pedi za hedhi", ingawa muktadha huondoa utata mwingi. Pili, na hili ndilo zito zaidi, neno hilo hudokeza umbo bapa la kushikwa kwa mikono miwili, umbo ambalo lilienea kutokana na mashine ya Famicom, iliyotolewa na kampuni ya Nintendo huko Japani mwaka 1983. Haliwezi kuvitaja ipasavyo vifaa vilivyotangulia.

"Kidhibiti" nacho kina kasoro ya upande wa pili: kwa kuwa kinataja vyote, hakibainishi chochote. Tutazame mashine ya Atari iliyotolewa Marekani mwaka 1977, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Atari 2600. Mashine hiyo ilikuwa na vidhibiti vya namna kadhaa. Kimoja ni kijiti kilichosimama juu ya kitako, chenye kitufe kimoja cha kufyatulia. Kingine ni cha kuzungusha kwa vidole, na hiki huja viwiliviwili katika plagi moja. Cha tatu kinafanana sana na hicho cha pili kwa sura, lakini huzunguka bila kikomo. Kilitumika katika mchezo wa mbio za magari uitwao Indy 500. Cha nne ni kibao chenye vitufe kumi na viwili. Mchezo wa Breakout huhitaji kile cha pili, wala kijiti hakifai. Na anayetaka kuendelea na mchezo wa kijiti baada ya hapo hana budi kugeukia mgongo wa mashine, ziliko soketi, achomoe na kuchomeka upya. Mtu huyo akiambiwa "tumia kidhibiti kinachofaa", hajaambiwa kitu.

Tunapendekeza basi "kidhibiti" kibaki kuwa jina la jumla, na chini yake yawepo majina ya aina. Kijiti kiitwe "wenzo", neno ambalo masomo ya fizikia yamekwisha kutuzoesha. Cha kuzungusha kiitwe "kirungu", nacho kigawanywe katika "kirungu chenye kikomo" na "kirungu huru". Kile chenye vitufe kumi na viwili kiwe "kibao cha vitufe". "Pedi" ibaki mahali pake, yaani kwa kifaa bapa. Hapo hapana neno lililobuniwa. Ni maneno yaliyokuwapo yaliyopangwa tu.

VITENZI

Sasa tuje kwenye kiini cha hoja yetu. Kiingereza hutumia kitenzi kimoja kwa matendo ambayo mchezaji huyatenda kwa namna tofauti kabisa. Mfasiri akikutana na kitenzi hicho hushawishika kuandika "badilisha kidhibiti" kila mahali, kana kwamba lugha yake nayo ina kitenzi kimoja. Kwa kweli vipo visivyopungua vinne.

(a) Kubadilisha. Hapa kifaa kimoja hutoka na kingine cha aina nyingine, au kizima badala ya kibovu, huingia mahali palepale. Ndilo tendo la mwenye Atari aondoapo wenzo na kuweka kirungu.

(b) Kubadilishana. Hapa watu wawili hupeana walivyo navyo. Famicom ya 1983 ni mfano mwema. Vidhibiti vyake viwili vilifungwa moja kwa moja kwenye mashine kwa waya, bila plagi ya nje, tena havikulingana: cha kwanza kilikuwa na vitufe vya kuanzishia na kuteulia, cha pili hakikuwa navyo bali kilikuwa na maikrofoni. Mchezaji wa pili akitaka cha kwanza, hakuna cha kuchomoa. Wawili hao hubadilishana mikononi, au hubadilishana viti. "Kubadilisha" kidhibiti cha Famicom ni kazi ya bisibisi: ni kufungua gamba la mashine. Kiambishi "-an-" pekee kinatenga mchezo na ufundi. Nintendo ilipotoa Famicom mpya mwaka 1993, vidhibiti vikawa vya kuchomeka, na vitenzi vyote viwili vikawezekana bila bisibisi.

(c) Kuhamisha. Hapa kifaa ni kilekile na mtu ni yuleyule. Kinachobadilika ni soketi. Katika mchezo wa Metal Gear Solid, uliotolewa na kampuni ya Konami mwaka 1998 kwa mashine ya PlayStation, yumo adui aitwaye Psycho Mantis ambaye hujifanya anasoma mawazo ya mchezaji na kukwepa mashambulio yake. Njia mashuhuri ya kumshinda ni kuchomoa kidhibiti kwenye soketi ya kwanza na kukichomeka kwenye soketi ya pili. Mchezaji aliyeandikiwa "badilisha kidhibiti" atatafuta pedi nyingine, ataichomeka palepale pa kwanza, na adui ataendelea kumsoma. Vivyo hivyo kwa kompyuta ya Commodore 64 ya mwaka 1982, ambayo ilitumika mno kwa michezo: michezo mingine ilitaka wenzo katika soketi ya kwanza, mingine katika ya pili. Soketi ya kwanza ilishirikiana nyaya na kibodi, hata ikawa kusukuma wenzo huweza kuandika herufi ambazo hakuna aliyezipiga. Dawa yake ni kuhamisha, si kubadilisha.

(d) Kupokezana. Hapa kifaa hakichomolewi wala hakihamishwi. Hupita mkono hadi mkono kwa zamu, huyu akishindwa anampa mwenzake. Watoto wenye kidhibiti kimoja na wachezaji watatu wanakijua kitenzi hiki bila kufundishwa na mtu.

Tena tusisahau jozi ya "chomeka" na "chomoa", ambayo tumekwisha kuitumia hapo juu bila kulazimika kuieleza. Hiyo nayo ni ushahidi kwamba vitenzi vyetu havijalala.

KUINGIA NA KUOANA

Lipo jambo moja zaidi, nalo ndilo lenye hatari. Plagi ya Atari 2600 ina matundu tisa. Plagi ya mashine za Sega, zikiwemo Master System na Mega Drive, nayo ina tisa, na kwa umbo zinafanana kiasi kwamba moja huingia kwenye soketi ya nyingine. Lakini nyaya hazikupangwa sawa. Katika Atari umeme wa volti 5 hupita katika pini ya saba. Katika Sega hupita katika pini ya tano. Wenzo wa Atari ukichomekwa kwenye Mega Drive huweza kufanya kazi, ila kwa mipaka, kwa kuwa una kitufe kimoja tu. Kuchomeka pedi ya Sega kwenye kompyuta ya zamani iliyofuata mpango wa Atari ni jambo la kuonywa, kwani umeme huweza kupelekwa mahali pasipotarajiwa na kudhuru mashine.

Kinyume chake pia kipo. Plagi ya pedi ya Super Nintendo haiingii kabisa kwenye soketi ya Nintendo iliyoitangulia. Hata hivyo ishara zake zimejengwa kwa utaratibu uleule, hivyo kwamba kiunganishi cha nyaya tupu chatosha kuifanya pedi hiyo itumike. Kwa hiyo tuna plagi inayoingia na haioani, na plagi inayooana na haiingii. Maelekezo yanayosema kwamba plagi fulani "inafaa" huyafunika yote mawili. Tunashauri "kuingia" kutumike kwa umbo la plagi, na "kuoana" kwa mpango wa umeme na ishara, na mwandishi alazimike kusema ni lipi analolikusudia.

HITIMISHO

Ili tuonyeshe tofauti, tuchukue agizo la kawaida: "Badilisha kidhibiti kabla ya kuanza mchezo." Kwa mwenye Atari anayetaka kucheza Breakout, agizo hilo lingeandikwa hivi: "Zima mashine. Shika plagi, usivute waya. Chomoa wenzo, chomeka kirungu chenye kikomo katika soketi ya kushoto." Maneno yameongezeka, ni kweli, lakini hakuna hata moja lisiloeleweka kwa msomaji wa kawaida, na hakuna nafasi ya kukosea.

Wapo watakaosema kwamba mashine za siku hizi hazina waya, na kwamba mjadala huu umepitwa na wakati. Hatukubaliani nao. Hata pasipo na plagi, mchezaji bado huweza kupewa namba ya kwanza au ya pili, na bado ipo tofauti kati ya kubadilisha pedi, kubadilishana pedi na kuihamisha pedi kutoka namba moja hadi nyingine. Waya umeondoka, matendo yamebaki.

Kwa hiyo tunawaomba wafasiri na wahariri wa maelekezo ya vifaa, kabla ya kudai nomino mpya, wajiulize kwanza: mtumiaji anatenda nini? Mapendekezo ya "wenzo" na "kirungu" tunayaweka mbele ya wasomaji, hasa mafundi na wachezaji wenyewe, wayapime katika kazi na watuletee maoni yao.