Promo ya resto inauza kiti, haiuzi chakula

Siku kubwa zikikaribia, iwe mwisho wa mwaka, tarehe 14 mwezi wa 2 ao tarehe 8 mwezi wa 3, simu zetu zinajaa mapicha ya meza zenye mishumaa. "Promo ya wawili!" "Kinywaji cha kwanza bure!" Vijana wanachangishana feza, wanapanga siku, wanaendaka. Sitaki kumcheka mtu juu ya hiyo. Kukaa mahali pazuri na kula polepole na mtu unayempenda ni jambo la heshima, na mwanafunzi naye ni mtu. Leo nataka kuhukumu promo yenyewe, vile tunahukumuka kitabu ao filamu: inafanya nini, inamsaidia nani, na inaacha nini inje ya sahani.

Tuanzie kwa mfano unaojulikana sana, ule wa New York. Mwezi wa 7 mwaka wa 1992, chama cha Democrats cha Marekani kilifanya mkutano wake mkubwa katika mji huo, ule uliomweka Bill Clinton kuwa mgombea wa urais. Tim Zagat, aliyekuwa anatoa kitabu cha kupima maresto, na Joe Baum, aliyefungua maresto makubwa ya mji, walipatana na wenye maresto watoe chakula cha mchana kwa dola 19,92. Bei ilikuwa ni mwaka wenyewe. Ilikuwa jambo la siku chache tu, lakini watu walilipenda, na mpaka leo Restaurant Week inarudi mara 2 kwa mwaka: wakati wa baridi, mwezi wa 1 na wa 2, na wakati wa joto, mwezi wa 7 na wa 8. Miaka hii ya karibuni bei zimewekwa kwa ngazi 3: dola 30, 45 na 60. Kijana ambaye angepita mbele ya ule mlango miaka 10 bila kuingia, siku ile anaingia. Hiyo ni faida ya kweli, tusiikatae.

Lakini kwa nini ile miezi? Mwezi wa 1 watu wamemaliza feza kwa sikukuu, na baridi inawafunga nyumbani. Mwezi wa 8 wenye feza wameenda likizo. Meza zinabaki tupu. Hiyo njo siri ya kwanza. Sisi wa agronomia tunaielewa haraka, juu kiti cha resto ni kama nyanya: isipouzwa leo, kesho unateremusha bei, kesho kutwa unaitupa. Na kiti hakingoji hata kesho. Saa 2 ya usiku ikipita bila mtu, ile saa imeoza. Kodi ya nyumba, umeme na mishahara vinalipwa tu, mtu aje ao asije. Kwa hiyo mwenye resto anaona heri mtu wa dola 45 kuliko kiti kitupu. Huo si wizi, ni hesabu. Lakini si zawadi vilevile.

Siri ya pili iko ndani ya sahani. Kanuni ya kawaida ya kazi hii inasema kwamba vitu vya sokoni visipite karibu theluthi moja ya bei. Chakula cha dola 90 kinabeba vitu vya dola 30. Ukiteremusha bei mpaka 60 na kuacha vitu vilevile, nusu ya feza imekwisha sokoni. Hapo mpishi ana njia 2. Ya kwanza ni kukata: kipande kinakuwa kidogo, menyu ya promo inabaki na kuku, na anayetaka nyama nzuri anaambiwa aongeze dola kidogo. Ya pili ni ngumu zaidi: kubadilisha wazo. Mpishi anachukua nyama ya mguu ao ya shingo, ile ya bei ndogo, anaipika saa 4 kwa moto mdogo pamoja na karoti na vitunguu mpaka inaachana na mfupa. Hapo hauli chakula kikubwa kilichokatwa mkia. Unakula chakula cha bei ndogo kilichopikwa na mtu mwenye ufundi mkubwa. Kwangu mimi, hicho njo kipimo cha promo nzuri.

Siri ya tatu iko kwenye fakture. Tuseme umechukua menyu ya dola 45 na glasi moja ya divai ya dola 15. Jumla 60. New York, kodi ya mauzo haiko ndani ya bei. Ni 8,875%, yaani dola 5,33. Kisha matabishi ya 20% kama desturi ya kule, dola 12. Umeona 45, lakini mfukoni zimetoka 77,33. Na hayo matabishi si mchezo. Sheria ya jimbo la New York inamruhusu mwenye resto kumlipa mtumishi wa meza chini ya mshahara wa chini, kwa sababu matabishi yanahesabiwa kujaza pengo. Sasa wiki ya promo, mtumishi anabeba sahani nyingi zaidi, na matabishi yanapigwa juu ya bei iliyoshuka. Sehemu ya rediksyo yako inalipwa na yule anayekuletea sahani. Ndiyo maana wenye adabu kule wanahesabia matabishi juu ya bei ya kawaida.

Tukiweka huo mfano kando ya promo zetu za Lubumbashi, tofauti moja inaonekana mara moja. New York wanapunguza bei wakati meza ziko tupu. Sisi tunatangaza promo wakati meza zinajaa! Tarehe 14 mwezi wa 2, resto gani inatafuta watu? Ile siku, kile kinachoitwa promo mara nyingi ni menyu ya siku moja, yenye bei yake peke yake, na hakuna bei ya jana ya kuilinganisha nayo. Umepunguziwa kutoka wapi? Ukiuliza kama TVA ya 16% iko ndani, wanakuangalia kama mtu aliyekuja kuharibu sikukuu. Hapana, uliza tu. Kuuliza bei si umaskini.

Tofauti ya pili njo inaniuma zaidi, juu ya kile nilichosomea. Katikati ya mwezi wa 2, mvua iko. Toka kidogo inje ya mji, utaona mahindi mabichi, chibwabwa, lengalenga, na kando ya barabara wamama wanauza bowa waliyookota porini. Hizo ni siku ambazo udongo wetu unatoa vitu vitamu kabisa kwa bei ndogo. Kisha ingia ku resto, fungua menyu ya sikukuu: kuku wa friji aliyetoka inje ya inchi, friti, na sosi ya chupa. Tunavaa vizuri, tunalipa dola, na tunakula kitu ambacho kingekuwa kilekile mwezi wa 7. Promo inasema ni ya majira, lakini majira hayako ndani ya sahani.

Watu watasema: nani atalipa dola kwa kula bowa na chibwabwa, vitu vya kwa mama? Jibu ni lile la nyama ya shingo. Ufundi hauko katika ukubwa wa jina la chakula. Bowa mbichi, zikipikwa na mpishi anayejua moto na chumvi, haziogopi kuku wa friji hata kidogo. Na mpishi anazinunua kwa feza kidogo, kwa hiyo anaweza kuteremusha bei bila kumkata mteja wala mtumishi.

New York, wakati wa joto, kalenda ya viti vitupu na kalenda ya mashamba zinakutana kwa bahati: mahindi na nyanya zimejaa katika soko la wakulima la Union Square, lililofunguliwa 1976, na wapishi wanakwenda kununua pale. Hapa kwetu hatuhitaji bahati, tunaweza kupanga. Mwezi wa 1, feza ya sikukuu imekwisha na bowa zinatoka: weka promo pale. Mwezi wa 9, wazazi wanalipa masomo, na bustani za kumwagilia zina nyanya na shu: weka promo pale. Mwenye resto anajaza viti, mkulima anauza kabla vitu havijaoza, na mwanafunzi anakula vizuri kwa bei ya ukweli.

Hapo kazi inarudi kwetu. Tuko wengi wenye lisansi ya agronomia tunaongojea ofisi ituite. Wapishi wengi hawajui wiki ijayo shamba gani litakuwa na nini, na wakulima wengi hawajui mlango wa nyuma wa resto uko wapi. Mtu anayejua kalenda ya mavuno na anayeweza kuahidi kilo 20 kila siku ya tano, akizileta kweli, ana kazi pale katikati.

Kwa hiyo picha ya promo ikifika kwenye simu yako, uliza maulizo 3 kabla ya kuchanga feza. Bei ya kawaida ya hiki chakula ni ngapi? Ndani ya bei kuna nini, na inje kunabaki nini? Na hiki kilicho kwenye sahani, kimetoka wapi mwezi huu? Promo ikijibu yote 3 vizuri, nenda, kula, na acha matabishi ya haki. Ikishindwa, mahindi mabichi ya kuchoma yako barabarani, na hayana TVA.

Mwenye kuona tofauti aandike hapa chini. Tubishane kwa heshima.