Jinsia na Daraja: Kuitambua Kazi Nzuri ya Mwingiliano katika Regresheni ya Lojistiki

Vigeu viwili vya makundi huwa na mwingiliano pale athari ya kimoja inapobadilika kulingana na kundi la kingine. Katika regresheni ya lojistiki, ambako matokeo ni ndiyo au hapana, mwingiliano huingizwa kwenye modeli kwa kuvizidisha vigeu hivyo, na programu ya takwimu humaliza kazi hiyo kufumba na kufumbua. Wepesi huo una gharama yake: ripoti nyingi zina hesabu sahihi na tafsiri mbovu, na msomaji asiyejua pa kutazama hawezi kuzitenga na zile nzuri.

Data za meli ya Titanic, iliyozama Aprili 1912, zinafaa kujifunzia, maana jedwali lake ni dogo na kila namba yaweza kukokotolewa kwa mkono. Katika jedwali linalokuja na programu ya R, ukiwaondoa wafanyakazi wa meli, wanawake 141 kati ya 145 wa daraja la kwanza walinusurika, na wanaume 62 kati ya 180. Daraja la pili walinusurika wanawake 93 kati ya 106 na wanaume 25 kati ya 179. Daraja la tatu, wanawake 90 kati ya 196 na wanaume 88 kati ya 510. Watoto wamehesabiwa humo humo.

Jambo la kwanza la kutafuta katika ripoti yoyote ya aina hii ni jedwali kama hilo. Modeli yenye jinsia, daraja na mwingiliano wa viwili hivyo ina koefishenti sita kwa seli sita, kwa hiyo hurudisha hesabu za kila seli kama zilivyo. Koefishenti zikigeuzwa kuwa uwezekano, wanawake wa daraja la tatu lazima wapate 0.459, yaani 90 kugawanywa kwa 196. Namba ikitoka tofauti, kuna kosa katika kuyapa makundi namba au katika kuzijumlisha koefishenti. Mchambuzi anayeficha idadi za seli na kuonyesha koefishenti tupu anaomba kuaminiwa bila dhamana.

Baada ya jedwali hutazamwa kundi la rejea. Daraja la kwanza likiwa rejea, koefishenti ya kuwa mwanamke ni 4.21; rejea ikiwa daraja la tatu, ni 1.40. Modeli ni ile ile na utabiri wake ni ule ule. Kinachobadilika ni swali linalojibiwa: mwingiliano ukishaingia, koefishenti ya jinsia inaeleza tofauti ya wanawake na wanaume ndani ya daraja la rejea peke yake. Ripoti inayoiita “athari ya jinsia kwa jumla” imekosea hata kama kila tarakimu ni sahihi, na kosa hili huonekana mara nyingi. Kuiondoa koefishenti ya jinsia au ya daraja huku mwingiliano ukibaki, eti kwa sababu thamani yake ya p ni kubwa, ni kosa la ukoo huo huo.

Mwingiliano wenyewe ni uwiano wa uwiano, na anayeufahamu huweza kuueleza hatua kwa hatua. Wanawake wa daraja la kwanza walionusurika walikuwa 35.25 kwa kila mmoja aliyekufa, wanaume, 0.525. Ukigawanya unapata kama 67. Daraja la tatu, 0.849 kwa 0.209 hutoa kama 4.07. Gawanya 4.07 kwa 67 upate 0.061, ambayo logi yake asilia ni -2.80: hiyo ndiyo koefishenti ya mwingiliano wa mwanamke na daraja la tatu. Haisemi kwamba wanawake wa daraja la tatu walikufa zaidi kuliko wanaume wao. Inasema faida ya kuwa mwanamke ilipungua mno huko chini.

Hapa ndipo kazi bora inapoachana na ya kawaida, kwa kuwa mwingiliano hutegemea mizani inayotumika. Kwa mizani ya uwiano, pengo la jinsia ni kubwa zaidi daraja la kwanza, 67 dhidi ya 44 la daraja la pili. Kwa mizani ya asilimia, mpangilio unapinduka: tofauti ni pointi 62.8 daraja la kwanza, 73.8 la pili na 28.7 la tatu. Hakuna udanganyifu hapo. Wanawake wa daraja la kwanza walikuwa wamekaribia asilimia 100, ambako uwiano hupaa huku asilimia ikisogea kidogo tu. Chunrong Ai na Edward Norton waliwakumbusha wachumi mwaka 2003 kwamba katika modeli za namna hii hata alama ya koefishenti ya mwingiliano, jumlisho au toa, yaweza kutofautiana na ile ya mwingiliano wa uwezekano. Ripoti ya kuaminika hutaja mizani yake, na iliyo bora huonyesha zote mbili.

Uzito wa ushahidi nao una adabu yake. Madaraja ni matatu, hivyo mwingiliano una koefishenti mbili, na hupimwa kwanza zote kwa pamoja kwa kulinganisha modeli iliyo nazo na isiyo nazo. Kisha kila moja hupewa masafa yake ya uhakika. Uwiano wa 0.66 kati ya daraja la pili na la kwanza, yaani 44 kugawanywa kwa 67, una masafa ya asilimia 95 kuanzia 0.19 hadi 2.33, kwa hiyo tofauti ya 67 na 44 isitiliwe maanani. Chanzo cha utata huo ni seli moja: wanawake wanne tu wa daraja la kwanza ndio waliokufa. Daraja la tatu masafa ni 0.02 hadi 0.18, na hapo hakuna ubishi.

Seli ikiwa tupu kabisa, mambo huharibika. Katika jedwali hilo hilo watoto wote 24 wa daraja la pili walinusurika. Anayeongeza umri kwenye mwingiliano atapata koefishenti kubwa ajabu yenye kosa sanifu kubwa zaidi, kwani logi ya uwiano usio na kifo haina kikomo. Fundi huitambua dalili hiyo mara moja, kisha huunganisha makundi yanayounganika kimantiki au hutumia njia ya ukadiriaji wenye adhabu iliyotolewa na David Firth mwaka 1993, na hutamka wazi alichofanya. Asiye fundi huichapa koefishenti ya namna hiyo, tuseme 18.3, katika jedwali na kuendelea na ukurasa unaofuata.